Siku Niliyosimama Upande wa Bwana

Jambo lote lilinigharimu jora zima la merikani ambalo halikuwa limefunguliwa, siku mbili za maumivu ya mgongo kwa ajili ya barabara ya Ulaya, na sifa yangu ya mtu asiyetoa kitu bure. Nimehesabu mara mbili. Hakuna nilichosahau, na hakuna kilichorudi.

Ulaya ninayoisema ni hii yetu ya Kilosa, inayofikiwa kwa baiskeli, siyo ile mnayoiombea viza. Naweka wazi mapema, maana kijana mmoja wa kibanda cha simu pale Mikumi nilimwambia nimepoteza jora Ulaya, akaniuliza kama mzigo ulikuwa na bima.

Vijana wa gulioni mmenikalia kooni muda mrefu niwaandikie nilichojifunza katika kazi ya vitambaa. Mnadhani nina siri. Nimeuza Kilosa mjini, nimeuza Kidete kule relini, Tindiga wakati wa mpunga, Mikumi barabarani, na Ulaya siku za gulio, na siri zenyewe ni hizi, chukueni.

Merikani, kwa mliozaliwa juzi, ni ile pamba nyeupe isiyo na rangi wala maua, ya kushonea mifuko ya godoro, ya kuchujia, na ya kumsitiri marehemu. Ikiwa mpya hunuka wanga. Sugua ncha yake kati ya viganja mpaka joto lije, halafu kung'uta. Ikitoa unga mwingi, ulichonunua ni uji uliokaushwa; ikifuliwa mara moja mteja ataona kiganja chake upande wa pili, na atakutafuta. Chomoa uzi, uchome. Pamba huungua kama karatasi ikaacha jivu. Uzi ukijikunja ukawa kidonge kigumu, hiyo ni plastiki; iite jina unalotaka, lakini usimuuzie mwenye msiba. Na usikate merikani kwa mkasi. Chana. Pamba ya kweli ukishaianza kwa jino hufuata uzi wake yenyewe mpaka ng'ambo, imenyooka kuliko rula.

Aliyenifundisha ni Mzee Maganga, Mnyamwezi, na kwa kuwa Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wakaguru, alinifundisha kwa matusi. Siku ya kwanza alinipima mkono kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, maana wakati ule ndicho kilikuwa kipimo, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mungu alijua anachofanya," alisema. "Mkono huu ukipimia watu kitambaa, baada ya mwaka una nyumba ya bati."

Ndipo nilipopata jina la Mkono Mfupi, ambalo mpaka leo mama wa watu hunisalimia nalo mbele ya wajukuu zangu. Walionikomesha ni wafugaji wa Tindiga. Walikuja na ndugu yao mmoja mrefu kama nguzo ya simu. Hakununua kitu. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mkono tu. "Tupimie kwa huyu," wakasema. Tulibishana mpaka ng'ombe wao wakachoka wakaondoka wenyewe. Mwisho tukapatana: mkono mmoja wake, mmoja wangu, kwa zamu. Siku hizi mna futi za chuma na ubishi umekwisha, lakini sioni kama watu wanaaminiana zaidi.

Maganga alikuwa na kisa kimoja alichokirudia akishaonja pombe. Babu yake alikuwa mpagazi. Alibeba merikani kichwani kutoka pwani, akapita nayo hapahapa Kilosa kwenda kwao Unyamwezi, akarudi na pembe za ndovu. Mzigo huo uliitwa merikani kwa sababu ulitoka Marekani kwa meli. Sasa, alisema Maganga, ikatokea miaka merikani ikakatika. Kila mtemi anaitaka, na haipo. Wakaanza kuletewa vitambaa vyepesi kutoka kwingine, vimepigwa mhuri wa kuigiza. Wapagazi walipouliza pwani waliambiwa, "Wenye kitambaa wanapigana." Wanapigania nini? Hakuna aliyejua. Maganga alimalizia palepale kila mara: "Pengine walikuwa wanabishania mkono."

Nilicheka naye miaka yote hiyo.

Sasa nije kwa Shabani. Huyu ni kijana anayetembeza watalii mbugani Mikumi, mjukuu wa Bibi Mwanahawa wa Ulaya. Alikuja nyumbani kwangu nikiwa nimeshastaafu, ingawa mchuuzi aliyestaafu ni sawa na fisi aliyestaafu.

"Shikamoo, Babu Mkono Mfupi. Nina mgeni wa Marekani, anataka merikani."

"Marahaba. Ninalo jora jipya, pamba tupu. Mlete."

"Hataki mpya, Babu. Anataka ile ya Bibi."

Nikamwambia akae. Kipande cha Bibi Mwanahawa mimi nilikuwa nimekiona mara moja tu, na habari yake ni hii. Bibi mzaa mama yake aliletwa Ulaya na msafara akiwa mtoto, akanunuliwa na mwenye mji mmoja kwa merikani. Akakua pale, mtumwa. Baadaye mume wake alimkomboa, kwa merikani vilevile. Na katika nyumba za mabwana wa wakati ule mtu akikombolewa haikutosha kulipa. Kitambaa kilitandazwa mbele ya mashahidi, kikachorwa duara kwa udongo mwekundu uliokandwa na mafuta ya nyonyo. Bwana akashika upande mmoja, mkombolewa upande wa pili, wakakichana katikati ya duara. Bwana alikuwa na neno moja tu la kusema: "Sina mtu hapa." Kila mmoja akaondoka na nusu duara yake. Atakayekuja kesho kudai kwamba yule ni mtu wake, aje na nusu yake zipatanishwe mbele ya watu. Asiye na kipande hana dai. Nusu ya mkombolewa imeshuka kutoka kwa mama kwenda kwa binti mpaka kwa Bibi Mwanahawa, nayo imekuwa rangi ya chai ya maziwa.

"Mgeni atakinunua," Shabani akasema. "Kiende huko Marekani kikakae kwenye jumba la makumbusho. Kikiwa nyumbani kinatusema, Babu. Nimeposa Kidete. Siku wakwe zangu wakikiona kile, na wakauliza ni nini?"

"Na bibi yako amekubali?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Watu wote wanasema ni wewe peke yako uliyewahi kumshinda bei."

"Mara moja. Na alikuwa na homa."

Nikaenda. Nikapakia na jora langu jipya, maana huwezi kujua.

Kwenye gari nilimtafuta Mzungu sikumwona. Kumbe mgeni alikuwa mama mweusi wa rika langu, mwalimu mstaafu wa huko Texas, jina lake Lorene. Akaniambia "shikamoo" kama alivyofundishwa. Sisi ni watu wa umri mmoja, lakini faida hairudishwi. Nikaitika marahaba.

Njiani akatueleza, huku Shabani akitafsiri na kukwepa mashimo. Kwao kila mwezi wa sita wana sikukuu: wanakula tikiti, wanakunywa vinywaji vyekundu, wazee wanataja majina. Sababu yake ni kwamba katikati ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, rais wao alitangaza watumwa wa majimbo yaliyoasi wako huru. Lakini Texas ni mbali, na mabwana walifunga midomo. Watu wakaendelea kuchuma pamba miaka miwili na zaidi, wako huru na hawajui. Mpaka vita vikaisha, askari wakafika, habari ikasomwa hadharani. Bibi mkubwa wa Lorene, kizazi cha tano nyuma yake, alikuwa shambani kwenye pamba. Aliitwa Mariah. Jina jingine hawakujua, wala kabila, wala alikotoka mama yake.

Nikauliza, "Hivyo vita, wakati wake pamba ilitoka kwenda nje?"

Lorene akasema haikutoka, au ilitoka kwa kuibia tu. Manowari za upande wa rais zilifunga bandari zote za majimbo yale yaliyoasi.

"Shabani, simamisha gari."

Alidhani naumwa. Niliteremka nikasimama kando ya njia, kwenye vumbi. Mahali penyewe hapana chochote: shamba la mahindi, ng'ombe wawili, mtu na baiskeli yake. Nilikuwa nimebeba kisa cha Maganga maisha yangu yote kama mzaha. Wenye kitambaa wanapigana. Kumbe walikuwa wanapigana juu ya waliochuma pamba. Nimeuza merikani tangu ujana, najua wanga wake, najua uzi wake, najua inavyoungua, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza nani aliichuma. Watumwa wa kule walichuma pamba, pamba ikapanda meli ikawa kitambaa, kitambaa kikapanda vichwani mwa watu mpaka hapa Kilosa, na hapa kikanunulia mtoto wa mtu. Na siku wale wa kule walipoanza kupiganiwa, mpagazi wa Kinyamwezi alifungua mzigo huku akauona mwepesi.

Nilipomweleza Lorene naye aliteremka. Tukasimama wote wawili tunaangalia mahindi.

"Walijua?" akauliza. "Watu wa huku walijua?"

"Walijua bidhaa hakuna," nikasema.

Alicheka, halafu akafuta macho, halafu akaniuliza kwetu sheria ya kukomesha utumwa ilikuja lini. Nikamwambia: kwetu bara ni baada ya vita ya kwanza ya Wajerumani, Waingereza walipoingia. Akahesabu kwa vidole. Wajukuu wa Mariah walikuwa watu wazima tayari. Nami nikahesabu, nikarudia, na mpaka leo hesabu hiyo sijaikubali ingawa ni sahihi.

Tulipofika Ulaya mlango wa Bibi Mwanahawa ulikuwa umefungwa. Habari ilikuwa imetutangulia kwamba kuna mgeni ametoka mbali anaulizia kipande. Nikapiga hodi, nikasalimia kupitia dirishani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mkono Mfupi, umemleta nani?"

"Mgeni tu, Mama."

"Amekuja na nusu yake?"

Sikumwelewa upesi. Shabani akaelewa, akainamisha kichwa.

"Nauliza, amekuja na nusu yake?" Sauti ilikuwa kali. "Mama yangu aliniambia, watakuja. Akija mtu na kipande, patanisha mbele ya watu. Akija mikono mitupu, usifungue."

Mnaelewa, vijana? Mwanamke wa miaka zaidi ya themanini, ana wajukuu na vitukuu, ana shamba, ana kadi ya mpiga kura, alijifungia ndani kwa kudhani mwenye bibi yake amekuja.

Lorene akauliza anasema nini. Shabani akatafsiri maneno mawili matatu. Nikamwambia, "Tafsiri yote. Usichane katikati." Akatafsiri yote. Lorene akashika nguzo ya baraza.

"Mwambie sina," akasema. "Sisi hatukupewa kipande. Tulisomewa tu."

Komeo likasikika. Bibi Mwanahawa akatoka na fimbo yake, akamwangalia Lorene kuanzia juu mpaka viatu.

"Huyu ndiye Mmarekani? Mbona kama wa Tindiga?"

Kicheko kilituokoa. Tukaketi, maji yakaja, majirani wakaanza kusogea kama kawaida yao, kila mmoja amepita tu kuomba chumvi. Ndipo Shabani akaharibu. Akaanza habari ya kuuza.

"Bibi, tuseme ukweli. Kitambaa kile ndicho kinachosema tulikuwa watumwa."

"Hapana," Bibi akasema. "Ndicho kinachosema tulikoma."

Shabani akanigeukia nimsaidie. Niliitwa kwa kazi hiyo, na mdomo wangu haujawahi kukosa neno la bei. Lakini aliyejibu ni Lorene. Alisema hanunui. Shabani akamkumbusha kwamba hotelini alikubali.

"Nilikuwa sijajua ni kitu gani," Lorene akasema. "Nikikinunua, kitakuwa kimenunuliwa tena."

Bibi aliposikia tafsiri akaingia ndani, akatoka na kipande, akakiweka mwenyewe mapajani mwa Lorene. Nusu ya duara bado ilikuwa nyekundu, imefifia pembeni. Lorene akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa vitambaa, kama pamba ile ilitoka kwao. Nilisugua ncha. Wanga ulikwisha kabla sijazaliwa. Nikamwambia ukweli: sijui. Inaweza kuwa ya Marekani, inaweza kuwa ya Bombay yenye mhuri wa kuigiza. Maneno matamu ya kumwambia mteja ninayo mengi, lakini pale hayakutoka.

"Haidhuru," akasema. "Hata baada ya kusomewa, Mariah aliendelea kuchuma pamba ileile. Kwa nusu kwa nusu na mwenye shamba. Na nusu yake haikumfikia."

Bibi Mwanahawa akagonga fimbo.

"Kama hakupewa, apewe. Mkono Mfupi, fungua jora."

"Atalipa nani?" nikasema. Naapa ilikuwa ni mazoea tu.

Aliniangalia. Nikafungua.

Kitukuu akatumwa udongo na mafuta. Duara likachorwa. Lorene akashika upande mmoja wa kitambaa, upande wa pili ukabaki chini.

"Nani anasimama upande wa bwana?"

Hakuna aliyesogea. Shabani alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jiko.

"Simama wewe," Bibi akaniambia. "Umeuza merikani maisha yako yote."

"Mama, mimi sijawahi kuwa na mtu. Hata baba yangu hakuwahi."

"Basi hutapata shida kusema huna."

Nikashika. Nikaanza kwa jino, kama nilivyoanza majora yasiyohesabika. Bibi akataja jina: Mariah. Tukavuta. Mnaijua sauti ya merikani ikichanika. Niliisikia kila siku ya kazi, na sikuwa nimeisikia. Ilikwenda moja kwa moja mpaka ng'ambo, duara likagawanyika, nikabaki nimeshika nusu.

"Sema," Bibi akasema.

"Sina mtu hapa."

Shabani alitakiwa kutafsiri. Akasema, mgongo bado uko ukutani. Lorene akaketi chini, pale pale mavumbini, na nusu yake kifuani.

Ningependa kuwaambia kwamba iliishia hapo, ningekuwa nimerudi na sehemu kubwa ya jora. Lakini mzee mmoja wa msikitini, ninayemfahamu miaka na miaka, ambaye siku zote alituambia watu wake walikuja kutoka pwani kwa biashara, alivua kofia akasogea.

"Na mimi bibi yangu aliletwa," akasema. "Jina lake hatukuambiwa. Inawezekana bila jina?"

"Inawezekana," Bibi akasema.

Nikachana. Nikasema neno. Akaja mama mmoja mwanakwaya, wa milimani, akanong'ona jina sikioni kwa Bibi hataki lisikike, halafu akabadili mawazo akalitaja kwa sauti. Wakaja wengine. Watu niliowauzia kanga na kuwatania nusu ya maisha yangu, kila mmoja na bibi au babu wake aliyefichwa chini ya hadithi nyingine. Kila mara nilisimama upande wa bwana. Kila mara nilisema sina mtu hapa, na kila mara niliona uso wa mtu ukifunguka mbele yangu kama mlango ule. Sijui niuiteje mwanga niliouona usoni mwao. Nimekaa karibu na watu hawa umri mzima, na siku ile ndiyo niliwaona.

Msidhani nilipoteza akili kabisa. Jamaa mmoja alirudi mara ya pili nikamkamata.

"Wewe umeshachukua."

"Ile ya upande wa mama, Mzee. Hii ya baba."

Nikachana.

Jora lilipobaki ubao wake mtupu, Shabani akasogea. "Bibi, na mimi?"

"Wewe chako kimo ndani, mjinga wewe, na ulitaka kukiuza. Utapewa siku utakayowaonyesha wakwe."

Alikipeleka Kidete kabla mwezi haujaisha. Walichosema wakwe sijaambiwa. Harusi ipo, nimealikwa.

Lorene amerudi kwao na nusu yake. Bibi Mwanahawa yupo, mlango wazi. Tatizo limebaki kwangu. Nina gunia la nusu za mabwana, kila moja na nusu duara nyekundu. Mke wangu amekataa zilale chumbani kwake. Mchungaji anasema nizilete kanisani zichomwe kwa sala. Shehe anasema zifuliwe ziwe sanda za wasio na ndugu. Lakini nikizichoma au nikizifua, siku mtoto wa mtu atakapoambiwa kipande chake ni cha kutunga, atakipatanisha na nini? Na nikizitunza, nikifa mwanangu atarithi upande ule, naye hajamkosea mtu. Nilimrudia Bibi Mwanahawa kumwuliza, akajibu, "Hilo ni la bwana kujua," akacheka mpaka akakohoa.

Sasa nawauliza ninyi, mnaokaa kwenye meza zangu gulioni na mnaojua njia nisizozijua. Gunia liko nyuma ya mlango wa jiko, limefungwa kamba. Nishaurini: nusu ya bwana inawekwa wapi?